"Wajerumani walijenga": barua ya wazi kwa wasimamizi wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam

Mhashamu Baba Askofu Mkuu, Baba Paroko pamoja na mapadre wasaidizi, na nyinyi viongozi wa Halmashauri ya Walei,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi mtoto wenu naishi Ilala na jumuiya yangu iko huko huko, lakini riziki yangu iko Kigamboni. Kwa hiyo siku nyingi nawahi misa ya asubuhi hapo kwenu Forodhani, halafu nakatiza Kivukoni kufuata pantoni. Nimeshazoea kusali huku honi ya boti ya Zanzibar ikimkatisha padre katikati ya mahubiri. Wenyeji hatugeuzi hata shingo. Wageni ndio wanaoruka.

Jumamosi moja nilikuja mapema kwenye ndoa ya binamu yangu. Bwana harusi alikuwa amekwama kwenye foleni, nami nikajisogeza kivulini nje. Akaingia kijana mmoja anayetembeza watalii, nyuma yake wageni wanne wenye mabegi mgongoni. Akanyoosha kidole juu, kwenye mnara. "Wajerumani walijenga," akasema, "kuanzia 1897 hadi 1902." Akawaingiza ndani, akawaonyesha vioo vya rangi nyuma ya altare, akawapiga picha, wakatoka mbio kuwahi boti. Sidhani kama zilifika dakika saba.

Kijana yule hakukosea mwaka, wala simlaumu. Amesema kile ambacho sisi sote husema tukiulizwa. Kilichonikaa rohoni ni hilo neno "walijenga". Nililigeuzageuza kichwani mpaka bibi harusi akaingia, na tangu siku ile limekataa kutoka. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na jambo ambalo Wakristo wengi wa mjini hawalijui, kwamba parokia hii haikuzaliwa Forodhani. Ilizaliwa Pugu. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria, walifika pwani yetu mwaka 1888 wakapanda vilima vya Pugu kuanzisha misheni. Miongoni mwa watu wa kwanza waliowekwa chini ya uangalizi wao walikuwemo waliotolewa utumwani. Tarehe 13 Januari 1889, wakati pwani nzima inawaka kwa vita ambavyo vitabu vyetu vya shule vinaviita vya Abushiri, misheni ile ilivamiwa. Watawa watatu waliuawa, mabruda wawili na sista mmoja, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye wakakombolewa. Majengo yaliteketea. Waliobaki na waliokuja baada yao wakateremkia Dar es Salaam, na huko ndiko mbegu ya parokia yenu ilikohamishiwa.

Majina ya wale watawa watatu yameandikwa, na wanaadhimishwa na shirika lao. Ni haki yao. Ila mimi nikipita Pugu na daladala huwa nawafikiria wale wengine, wale waliokuwa wamekombolewa majahazini wakaletwa mlimani, halafu asubuhi moja wakasikia bunduki tena. Walikimbilia wapi? Nani aliwaita kwa jina lao la nyumbani, na nani aliwapa jina la ubatizo? Hao nao ni Wakatoliki wa kwanza wa mji huu.

Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Sultani Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860, akafa 1870 ukiwa haujakomaa, ukabaki na magofu mengi kuliko wakazi. Boma lake la kale bado limesimama hapo jirani yenu, na Jumba la Atiman nalo. Jumba hilo lilikuwa la ukoo wa Sultani kabla ya kuwa nyumba ya Mapadre Weupe, wamisionari wa shirika jingine la Kikatoliki, likapewa jina la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa uganga Malta na kutibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia 1889 mpaka alipofariki 1956. Ni vigumu kupata barabara nyingine nchini yenye habari nyingi kiasi hicho ndani ya mwendo wa dakika tano. Wenzetu Walutheri wa Azania Front walijenga kanisa lao kipindi hicho hicho, na ukisimama baharini ukautazama mji, makanisa haya mawili utadhani yanasemezana.

Sasa turudi kwenye ujenzi. Mwaka 1897 ndio ulioanza msingi wenu. Ni mwaka huo huo serikali ya Kijerumani ilipotangaza kodi ya nyumba, iliyowalazimisha watu kutafuta rupia kwa kulima mazao ya kuuza au kwa kibarua. Sisemi kwamba Wabenediktini walimchapa mtu fimbo ili abebe jiwe. Sina ushahidi huo na sitaubuni. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa anatafuta kibarua Dar es Salaam mwaka 1898 alikuwa na sababu ya kukitafuta, na sababu hiyo haikuwa siku zote ibada. Majumba ya pwani ya enzi hizo yalisimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa magogo na boriti zilizokatwa mikokoni. Kila jiwe lilivunjwa na mtu, chokaa ikakorogwa na mtu, mchanga ukabebwa kichwani na mtu, mara nyingi mwanamke. Mnara kama ule haupandi kwa mchoro wa fundi mkuu peke yake. Wajerumani walichora, walisimamia, walilipa, na mabruda wao walikuwa mafundi kwelikweli. Waliojenga ni wengi kuliko hao.

Mtaniambia majina yao hayapo. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini wamisionari wale walikuwa watu wa kuandika. Waliandika barua kwao, walikuwa na jarida lao la misheni, na kuanzia 1910 walichapa hapa hapa Dar es Salaam gazeti la Kiswahili, Rafiki Yangu, mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vilipolizima. Watu wa kuandika kiasi hicho, daftari la malipo ya vibarua waliliacha wapi? Nyumba kuu ya shirika lao ipo Bavaria mpaka leo. Waliowafuata ni Wakapuchini wa Uswisi, waliokuja 1921 baada ya Wajerumani kufukuzwa, na hifadhi ya nyaraka za jimbo lao la kitawa iko Luzern. Habari za babu zetu ziko kwenye masanduku ya Ulaya, zimepangwa vizuri, zimepewa namba. Barua moja yenye muhuri wa Askofu Mkuu ingefungua milango ambayo mimi, na barua pepe yangu ya bure, siwezi kuifungua.

Kuna sehemu moja ngumu, na naiandika kwa heshima. Askofu wa kwanza wa vikarieti hii, yaani eneo la misheni kabla halijawa jimbo kamili, Cassian Spiss, alipewa uaskofu 1902, mwaka ule ujenzi ulipokamilika. Tarehe 14 Agosti 1905, akiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa habari hii mara mbili. Kwenye mafundisho ya kipaimara, Spiss alikuwa shahidi wa imani. Shuleni, kwenye somo la historia, Maji Maji walikuwa mashujaa waliokataa kulimishwa pamba kwa nguvu. Mwalimu wa dini na mwalimu wa historia walikuwa mtu mmoja yule yule! Hakuna siku aliyounganisha vipindi vile viwili, na sisi hatukumwuliza.

Naomba Kanisa Kuu lije kuviunganisha. Liseme kwamba askofu wetu aliuawa, na liseme pia kwamba baada ya hapo majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Waumini ni watu wazima. Tunaweza kumwombea marehemu Askofu Spiss na tukawaombea na wale wa Mikukuyumbu katika misa moja, na mnara usianguke.

Kipindi cha Waingereza nakijua kidogo kwa njia nyingine, kwa miguu ya bibi yangu. Bibi mzaa mama alikuwa Mluguru, alikuja Dar es Salaam kumfuata babu aliyepata kazi bandarini. Wakapanga chumba Kariakoo. Wakati huo mji ulikuwa umegawanywa kanda tatu: Wazungu upande wa Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala, na kati ya Kariakoo na mjini ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Uwanja ule uliachwa makusudi, kwa kisingizio cha afya, ili watu wasichangamane. Bibi aliuvuka kila Jumapili kabla jua halijapanda, viatu mkononi. Alikuwa na jozi moja. Akifika karibu na kanisa anajifuta vumbi kwa ncha ya khanga ya ndani, anavaa viatu, anaingia. Alikumbuka harufu ya nywele za wanawake wa Kigoa, wenye asili ya Goa kule India, waliokaa mbele, mafuta ya nazi na ua la asumini, na mashela yao meusi ya kushonwa kwa uzi mwembamba. Kina D'Souza na kina Fernandes walikuwa sehemu kubwa ya Wakatoliki wa mjini, makarani na mafundi cherehani, na watoto wao wengi sasa wako Kanada na Uingereza. Na hao pia muwaulize. Wana picha.

Bibi aliimba Tantum Ergo kwa Kilatini chenye lafudhi ya Uluguru mpaka alipofariki, na hakujua hata neno moja maana yake. Misa ilipogeuzwa kuwa ya Kiswahili baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alisema alijisikia kama mtu aliyekuwa anachungulia dirishani miaka yote halafu akafunguliwa mlango. Dakika hiyo hiyo akaongeza kwamba Kilatini kilikuwa kitamu zaidi. Ndivyo alivyokuwa bibi.

Yaliyofuata tunayajua wengi, sitayarefusha. Dar es Salaam ikawa Jimbo Kuu mwaka 1953 chini ya Edgar Maranta, Mkapuchini. Kule Pugu, ambako misheni ya kwanza ilichomwa, kulishakuwa na shule ya Mtakatifu Fransisko, na mwalimu mmoja wa hapo aitwaye Julius Nyerere aliacha ualimu 1955 kwa sababu siasa na chaki zilikuwa zimeshindwa kukaa mfuko mmoja. Mwisho wa 1968 likaletwa jina la Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati hizi, akaliongoza jimbo mpaka 1992, akampisha Polycarp Pengo. Shule ya masista iliyo ubavuni mwa kanisa ikachukuliwa na serikali, ikawa Forodhani, kisha ikarejea kwa Kanisa. Haya yote yana watu wanaoyakumbuka kwa macho yao. Baadhi yao mnawaona kila Jumapili kwenye benchi la tatu, mkawapa mkono wa amani.

Nimekuja kwenye ombi lenyewe, nalo linahusu vitabu.

Miaka michache iliyopita nilihitaji cheti cha ubatizo cha babu kwa ajili ya shauri la mirathi. Nikaenda parokia moja ya bara, sitaitaja. Katibu wa ofisi alinipokea vizuri, akanitolea kitabu chenyewe kabatini. Kilikuwa kikubwa kama mbao ya kukatia nyama, kimefungwa kwa kamba ya katani. Akakifungua mezani na unga ukamwagika. Mchwa walikuwa wamepitia katikati, wakaacha kingo za kurasa zimesimama kama fremu ya dirisha lisilo na kioo. Upande wa kushoto niliweza kusoma namba na tarehe. Kulia kulikuwa na sahihi ya padre na nyongeza za pembeni, kipaimara, ndoa. Katikati, mahali pa jina la mtoto, la mama, la baba na la msimamizi, palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo nikaona mbao ya meza. Katibu akaniangalia, nami nikamwangalia. Akasema, "Pole, mwanangu," akanipa soda.

Sheria ya Kanisa haikuliacha jambo hili kwenye huruma ya mchwa. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na vitabu hivyo, na inasema vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 inamtaka askofu awe na hifadhi ya nyaraka za historia jimboni, zilindwe na kupangwa kwa utaratibu. Hamhitaji kufundishwa kanuni na mlei wa Ilala. Nazitaja ili wenzangu waumini wasidhani naomba anasa.

Kitabu cha ubatizo ndicho daftari pekee ambalo mtumwa aliyekombolewa, mke wa kibarua, karani wa Kigoa na mtoto wa ofisa wa Kijerumani wote waliandikwa kwa mwandiko mmoja, mstari kwa mstari. Serikali ya kikoloni haikuwa na kitabu cha namna hiyo. Basi vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, vya Kanisa Kuu na vya parokia zote zilizozaliwa na Kanisa Kuu, nakala moja ikae hapo na nyingine mbali na bahari, kwa sababu chumvi ya Forodhani inakula chuma, seuze karatasi. Visianikwe hadharani. Humo mna siri za familia, mna watoto walioandikwa bila baba, na wapo wajukuu wanaoishi. Picha zihifadhiwe, na mtu aoneshwe ukurasa wake.

Gharama mtaisema. Nami nitawakumbusha vitenge. Kila jubilei tunashonesha vitenge vyenye picha ya kanisa, miaka miwili imeandikwa chini, na kila jumuiya inapewa idadi yake na hakuna anayekwepa. Nina vitatu nyumbani, kimoja mama anadekia. Kama tunaweza kuchangia historia ya kufuliwa, tutachangia na ya kusomwa. Chuo Kikuu kina vijana waliosoma historia, wanazunguka na bahasha. Wawili wanatosha kuanza, mmoja wa vitabu na mmoja wa kurekodi wazee.

Na mkishapata habari, ziwekwe kwa Kiswahili mlangoni, ili hata yule kijana wa watalii awe na la kusema kwa dakika saba zake. Bagamoyo wamefanya: nyumba ya zamani ya masista ni makumbusho ya misheni, na mtoto wa shule anatoka humo akijua kwamba waliofika 1868 hawakukuta pwani tupu.

Neno dogo kuhusu jengo, halafu niwaache. Siku ukarabati utakapokuja, na utakuja, kwa sababu maghorofa yanaotea pande zote na magari mazito hayalali, tafadhali msimwachie mkandarasi peke yake. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Ukiusiliba kwa saruji unyevu unakwama ndani na plasta inabanduka vipande vipande. Boma la Kale hapo jirani limekuwa kituo cha urithi wa majengo ya mji, wataalamu mnaweza kuwafuata kwa miguu. Nimeona makanisa ya zamani yakivalishwa vigae vya kung'aa na dari ya jipsamu kwa nia njema kabisa, mpaka ukiingia unadhani umefika ukumbi wa harusi.

Katika jumuiya yetu yuko babu mmoja aliyekuwa mtumishi wa altare hapo kwenu miaka ya 1950. Ukimwambia "Introibo ad altare Dei", maneno ya kufungulia misa ya Kilatini, anakaa wima kitandani na kujibu mpaka mwisho bila kuvuta pumzi, halafu anakwambia nani alikuwa anapiga kengele, nani alifukuzwa kwa kunywa divai, na Waafrika walikuwa wakikaa mabenchi gani. Macho yamemwishia lakini majina hayajamtoka. Nimeanza kumrekodi kwa simu, ila mimi si mtaalamu, na sauti za bodaboda zinaingia.

Asubuhi ndiyo anakuwa na nguvu. Mkimtuma mtu, aje kabla ya saa nne. Nitampokea kituoni Ilala Boma.

Ni mimi mtoto wenu katika Kristo,
Mlei wa Ilala